Hakuna la Kutaja

Asubuhi ile Fumie alimwambia mumewe, Nishiwaki, kwamba hita ya maji ya kuogea inanuka kama nywele zilizoungua. Nishiwaki hakuinua hata macho kwenye gazeti. "Hakuna kitu," alijibu, akaenda zake kazini, kwenye kampuni ileile iliyoitengeneza hiyo hita.

Huko kazi yake ilikuwa kuandika taarifa ya mwaka, na kwa miaka kumi na tisa ukurasa wa thelathini na mbili ulikuwa na mstari mmoja: "Malalamiko ya usalama wa bidhaa: hakuna la kutaja." Aliunakili kila mwaka kutoka taarifa iliyotangulia, wala haukuwahi kumnyima usingizi.

Mwaka huu mambo yalibadilika kidogo. Wanahisa walichoka kutazama bodi ya wazee wanaume tupu, tena waliosoma chuo kimoja, ndipo mwenyekiti akamleta Mama Orito, aliyechunguza vyanzo vya moto katika idara ya zimamoto kwa miaka thelathini. Picha yake iliwekwa ukurasa wa kwanza. Chini yake Nishiwaki aliandika kwamba bodi yenye sura mbalimbali imeongeza uwazi. Maskini, alidhani picha inatosha.

Saa nne asubuhi hiyo alimpelekea Mama Orito taarifa agonge muhuri wa kuikubali, maana mpiga chapa alikuwa anaisubiri saa kumi na moja jioni. Wajumbe wanane walishagonga yao bila hata kuweka kikombe chini.

"Huu mstari," alisema Mama Orito. "Nani aliangalia akaona hakuna?"

"Hakuna kilichotokea, Mama."

"Sikuulizi kilichotokea. Nauliza nani aliangalia."

"Ndiyo desturi yetu, Mama."

"Basi niitie huyo Desturi aje aniambie mwenyewe. Muhuri wangu hauna haraka."

Alitoka amechanganyikiwa. Alikwenda kwa wanasheria, wakamwambia aulize huduma kwa wateja. Huduma kwa wateja wakamwambia barua zote hupelekwa kitengo cha ubora. Alishuka mpaka chini kabisa, akamkuta mkuu wa kitengo, Kajitani, aliyeajiriwa pamoja naye mwaka uleule, akila tonge la wali lililofungwa kwa mwani.

"Bwana mkubwa, leo umepotea njia?"

Nishiwaki alimweleza. Kajitani akafuta vidole, akavuta droo. Ndani mlikuwa na barua arobaini na tatu za malalamiko ya wateja.

"Mbona hamkuniletea?"

"Tukuletee vipi? Kila mwaka taarifa yako inatoka imeandikwa hakuna. Tukajua wakubwa wa juu mmeshaamua."

"Mimi niliandika hakuna kwa sababu hamkuleta kitu."

"Sasa aliyeamua ni nani?" Kajitani aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Hakukuwa na mwongo humo ndani, hilo ndilo lililomtatiza Nishiwaki, maana angekuwepo mwongo angejua pa kuelekeza hasira zake. Akachukua barua moja, ya bibi mmoja wa kaskazini. Bibi aliandika kwamba asubuhi za baridi hita yake inanuka kama nywele zilizoungua.

Akapiga simu nyumbani papo hapo.

"Fumie, usiwashe ile hita."

"Asubuhi si ulisema hakuna kitu, Baba?"

"Nilisema."

"Uliangalia?"

Aliona haya, haya ya mtu mzima aliyekamatwa. "Sikuangalia."

"Niliizima ulipotoka tu. Nimewaambia kampuni yenu mara mbili kwa simu. Wakanijibu taarifa ya mwaka inasema hita ziko salama."

Alipanda ngazi amebeba droo yenyewe, akaiweka juu ya meza ya Mama Orito. Mama Orito alisoma barua tatu, kisha akaurudisha muhuri wake kwenye kibweta.

"Mpigie mpiga chapa, mwambie asubiri. Na ule mstari ufute."

"Nitaufuta, Mama. Ila sijui niandike nini mahali pake."

"Anza na idadi. Arobaini na tatu."

Nishiwaki aliinamisha kichwa.

"Arobaini na nne, Mama," alisema.