Siku Niliitwa Kumutukana Papa Ephraïm

Mimi Rebecca, watu wote wa site yetu ya wakimbizi wanajua kinywa yangu haina mulango. Lakini mutu kutoka mbio kuja kuniita, eti niende nitukane muzee kwa heshima? Aka! Ile sikuwa nimeona.

Nilikuwa nachoma mandazi. Fiacre wa chama ya Mabega akafika, jasho inamutiririka.

"Mama Rebecca, weye ni jirani ya Papa Ephraïm? Kuya mbio. Tumeshindwa."

"Mumeshindwa nini? Amekufa?"

"Hapana. Tumeshindwa kumutukana."

Nikamunusa kwanza kama amekunywa.

Wale Mabega ni watu wa zamani hapa Bunia. Mbele ya pikipiki kujaa barabarani, babu zao walikuwa wanabeba wagonjwa kutoka vijiji vya milimani mpaka hospitali ya Nyankunde, na kipoyi: miti mbili, kamba katikati, wanaume wanaweka ku bega. Wanasema siku moja walibeba mugonjwa mukali, njia yote anawatukana. Wavivu nyinyi, mama zenu hivi, mama zenu vile. Wakakasirika, wakamuweka chini, wakaenda zao. Aibu ikawarudisha, lakini walimukuta ameshakufa. Toka pale wakaweka sheria: mubebaji hajibu. Mutu akitaka kuingia, analala juu ya kipoyi, uso umefunikwa na kitenge, na wale wanaomujua wanamutukana makosa yake ya kweli. Ya uongo haihesabiwe. Akijibu hata neno moja, arudi kwake mpaka mwaka mwingine.

Sasa, nani angemutukana Papa Ephraïm? Alikimbia vita ya Djugu, akafika hapa peke yake. Wale waliojua makosa yake, wengine wako chini ya udongo, wengine wametawanyika mpaka Uganda. Na alitaka ile chama sana. Aliniambia siku moja ku robine, tukipanga bido zetu za maji: "Mama Rebecca, kufa siogope. Naogopa kuzikwa sawa muzigo wa kuokota." Mabega hawaachake mwenzao hivyo. Wanamubeba, wanamulilia, wanakaa matanga yake. Juu ya ile aliomba kuingia.

Nikatoa karai ku moto, nikaenda.

Nikakuta muzee amelala juu ya kipoyi uwanjani kwa Mabega, kitenge ku uso, na wanaume wakubwa wamesimama wanaona haya sawa wachumba. Moja akajaribu: "Weye... ni mulevi!" Mwenzake akamunongoneza, "Pombe haonjake." Mwingine akasema, "Mwizi weye!" Wakamuuliza, muzee ameiba nini? Hata Papa Ephraïm mwenyewe, maskini, alikuwa anapunga mukono chini ya kitenge: endeleeni, bandugu, endeleeni.

Muzee Marcellin, prezida yao, akanivuta pembeni. "Kama hakuna mutu wa kumujua, hatuwezi kumupokea. Sheria ni sheria. Uko na kitu juu yake?"

"Kitu? Muzee, tafuta kiti ukae."

Nikafunga kitambaa yangu vizuri.

"Weye Ephraïm! Kila siku unakuja kuomba chumvi, asante hujui! Unakorota mpaka kuku yangu imeacha kutaga! Nyimbo za kanisa unaimba na sauti ya mbuzi mwenye mafua, na unachagua zile ndefu! Nilikushonea shati na mikono yangu, ukamupatia Moïse, yule kijana muvivu wa site, kisha unakuja kunikoholea na baridi mbele ya mulango yangu! Nani alikutuma?"

Wanaume walikuwa wanacheka, wanashika tumbo. Mimi sikucheka. Hasira ilikuwa imefika kweli.

"Na usiku! Usiku unaita Anastasie, Anastasie, siye wote tunasikia, ukuta ni shitingi, plastiki tu! Asubuhi unatusalimia, nimelala muzuri. Muongo! Toka umefika hujatuambia Anastasie ni nani. Unatuona siye ni mawe? Siye hatukupoteza watu? Unalia peke yako sawa vile kilio ni yako tu!"

Kicheko ikakatika. Kitenge ikaanza kutingizika, kisha Papa Ephraïm akalia, akalia na sauti, vile mutoto analia. Ee Mungu wangu. Nilitamani kumeza maneno yangu yote, nikaona huruma.

"Amejibu?" Fiacre akauliza, na woga.

Wakaanza kubishana. Muzee Marcellin akainama karibu na kitenge, akasikiliza wakati murefu.

"Kulia si kujibu," akasema. "Munyanyueni."

Orly, kijana wa nguvu, akashika muti wa mbele.

"Upande ule hapana!" nikapiga kelele. "Bega yake ya kuume inamuuma, ukimuinamisha vile atateseka!" Nikamusukuma, nikashika ule muti mimi mwenyewe.

"Mama, mwanamuke habebake kipoyi," Orly akasema.

"Weye ulijua habari ya bega?"

Akarudi nyuma. Muzee Marcellin akaniangalia, akaangalia wanaume yake, akasema: "Tembeeni."

Tukamuinua. Chini ya kitenge nikasikia Papa Ephraïm anafungua kinywa.

"Nyamaza!" nikamuambia. "Ukijibu sasa watakurudisha, na mimi sitakutukana tena, nimechoka!"

Akafunga kinywa. Tukamuzungusha uwanja muzima, na mimi ndiye nilikuwa nalia kuliko yeye.