Pole kwa Msiba wa Wilbard

Abdul, kijana wetu wa kompyuta, ana bahati meza ilikuwa katikati yetu. Asubuhi nilimwambia, kwa Kiswahili kabisa, si Kichina: akibadilisha kadi ya mchimbaji mmoja, kompyuta ibadilishe yenyewe kadi za kikundi chake chote, lakini sehemu ya mahali walipo tu. Maana wachimbaji wadogo hawatulii. Leo wako karibu na mgodi wa Buzwagi, kesho wamesikia dhahabu imetoka Geita, wamehama wote, na sisi watu wa bima hapa Shinyanga tunabaki kubadilisha kadi moja moja mpaka vidole vinauma. Basi kijana akaona afadhali aunganishe kila kitu, mpaka hali ya mteja, yaani mzima au marehemu.

Mchana ikaja taarifa kwamba mzee Mageni, mwenyekiti wa kikundi kimoja, amefariki kwa malaria. Abdul akaandika "marehemu" kwenye kadi yake. Mfumo ukaua kikundi kizima, ukatuma meseji za pole kwa ndugu wa kila mmoja.

Mdogo wangu Wilbard yuko kwenye kikundi hicho.

"Abdul, umetuulia watu!" nilipiga kelele. "Futa! Rudisha!"

"Meseji hazirudi, dada. Labda kadi," akasema, anabofya.

Namba iliyo kwenye kadi ya Wilbard ni ya mama yetu, yuko Ushirombo, na ana presha. Daktari alishatuonya kwamba mshtuko mkubwa utamwondoa. Hajui kusoma; meseji ikiingia anavuka barabara kwa jirani yake Rhoda amsomee. Kwa hiyo nilikuwa na dakika chache tu, Mungu wangu, dakika chache! Nikampigia Wilbard, hapatikani. Atapatikanaje, yuko shimoni, mtandao haufiki huko. Nikampigia mama, simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Kwa haraka nikakosea, nikampigia fundi cherehani wangu. Hatimaye mama akapokea.

"Mama, Rhoda amekusomea meseji?"

"Amenisomea." Sauti ilikuwa ndogo.

"Ni uongo! Kompyuta imekosea. Wilbard ni mzima, mama, haki ya Mungu!"

"Hata shikamoo hujanipa, Vaileth."

"Shikamoo mama. Wilbard ni mzima."

"Marahaba. Basi mpe simu niongee naye."

"Yuko kazini, mama, chini. Akitoka tu atakupigia. Kaa hapo, unywe maji, usimsikilize mtu."

Nikasikia majirani wanaulizana, mtu anavuta kiti.

"Na baba yako uliniambia ni mzima," akasema taratibu. "Uliniambia nisilie, ninywe maji, nipande gari nirudi nyumbani. Nikakuta turubai limeshafungwa uani."

Kweli nilimwambia hivyo. Nani kwetu anasema msiba kwenye simu, tena kwa mtu wa presha? Nikaanza kulia, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu alinisikia.

"Ee, mwanangu," akasema. "Lia tu."

Kisha simu ikaanguka. "Mayu wane, mama yangu! Mama Vaileth! Mama Vaileth, amka!" Ilikuwa sauti ya Rhoda, na wanawake wengine wakaitikia kwa vilio. Mimi naita mama, mama, hakuna anayenisikia.

"Dada!" Abdul akaruka kutoka kwenye kiti chake, anacheka kwa furaha. "Nimeweza! Wote wazima!"