Waliohamisha Saa ya Matembezi

Mpwa wake ndiye aliyemsukuma nje. "Mjomba, utaozea humo ndani," alimwambia kwenye simu. "Toka, salimia watu. Si kuna wazee wanaotembea asubuhi hapo mtaani kwenu? Jiunge nao."

Kinyozi akajiunga. Tangu mkewe afariki, na mikono ianze kutetemeka hata akafunga saluni, nyumba ilikuwa imemzidi ukubwa. Sasa alikuwa na wenzake watatu, wastaafu kama yeye: Mwalimu, Dereva na Fundi Saa. Wakianza tu kutembea, naye anaanza kusimulia, mpaka wanaagana. Moyo ulimtulia. Jamani, mtu aliyekuwa akiongea na sufuria!

Kisha Dereva akamwambia, "Matembezi tumeyasimamisha kidogo. Goti la Mwalimu limemgomea."

Kinyozi alisikitika kweli kweli. Jioni moja akanunua dawa ya kuchua, akaenda kumjulia hali. Mke wa Mwalimu akafungua mlango.

"Mbona hukwenda nao? Si siku hizi mnatembea jioni?" Akashika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kinyozi akakaa barazani kuwangoja. Wakaja wakicheka, Mwalimu mbele, anatembea kama kijana. Walipomwona, kicheko kikakatika.

"Goti limepona haraka," Kinyozi akasema.

Dereva akatazama chini. Mwalimu ndiye aliyejikaza. "Ndugu yangu, unaongea mno. Tangu tunatoka mpaka tunarudi, ni wewe tu. Mke wa Dereva amelazwa hospitali wiki ya pili sasa. Ulikuwa na habari?"

Hakuwa nayo. "Miaka yote ya kazi yangu watu walinisikiliza!"

"Tulikuwa tumefungwa kitambaa shingoni, na wembe unao wewe. Tungekwenda wapi?"

Fundi Saa akacheka, akajifanya anakohoa. Hapo ndipo Kinyozi alipokatwa maini. Si wangemwambia usoni, hata kwa kumtukana? Watu wazima watatu kukaa chini kumtungia uongo, na yeye, mjinga, akawaletea dawa! Akaiacha palepale barazani, akaondoka bila kuaga. Njia nzima aliwatukana kimoyomoyo, mmoja baada ya mwingine, na machozi yakimlenga.

Alipofika nyumbani simu ikalia. Mpwa wake, kama kila jioni.

"Shikamoo, mjomba. Umetembea leo?"

"Marahaba." Kinyozi akavuta pumzi amwage yote, unafiki wao, uongo wao, kicheko kile. Lakini maneno ya Mwalimu yalikuwa bado yanamchoma, akayameza yake kwa shida. "Nimetembea. Na wewe, mwanangu? Kazini kukoje?"

 

"Mjomba," mpwa wake akasema polepole, "mimi niliachishwa kazi tangu mwaka jana."