Sekunde Nne

Kiharusi kilimchukua yule mpima ardhi mstaafu miguu yote miwili, mkono wa kulia na sauti. Kilimwachia macho, akili timamu na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Ndugu walikuja wakalia. Mkewe naye alilia siku mbili, halafu akalala usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu aolewe.

Maana bwana yule alikuwa na mdomo, Mungu amsamehe, kama atapenda. Miaka thelathini alipima viwanja vya watu, na akirudi nyumbani aliendelea kupima. Mchuzi wa mkewe aliupima chumvi kwa ncha ya ulimi, akitangaza imezidi robo kijiko mbele ya wageni. Watoto wake wawili aliwapima siku moja walipoleta ripoti za shule, mkubwa akiwa wa kwanza darasani kwake na binti akiwa wa pili kwenye darasa lake. "Huyu kamili," alisema akimshika kijana kichwa. Kisha akamtazama binti. "Huyu nusu." Jina likaganda. Muuza duka alimwita Nusu, mashangazi walimwita Nusu, na sasa akiwa na miaka thelathini na tisa, mama yake bado humwita hivyo bila hata kusikia anachosema.

Nusu alikuwa fundi. Kazini kwake walitengeneza mageti ya maegesho, yale ambayo gari hufika, dereva anabonyeza kitufe, karatasi inatoka, chuma kinapanda. Ndani ya kila geti kuna kompyuta ndogo, bodi moja isiyozidi kadi ya benki kwa upana, na yeye ndiye aliyezijua kama anavyojua mfuko wake. Alipoona baba yake amelala pale mwaka mzima anatoa macho, akaamua kumtengenezea mashine ya kumsemea. Alichotaka hakukificha hata kwa nafsi yake: alitaka mzee amwambie neno moja zuri kabla hajafa. Asante ingetosha.

Akachukua bodi moja, skrini ya inchi saba, na kitufe kikubwa chekundu kilichong'olewa kwenye geti bovu, akakifunga kwenye ukingo wa kitanda chini ya kile kidole gumba. Herufi ziliwaka mstari kwa mstari. Ukibonyeza unachagua mstari, ukibonyeza tena unachagua herufi. Pembeni mashine ilikisia neno na kuleta orodha fupi, na kila neno ulilolitumia ililikumbuka ili kesho likufikie haraka. Ukimaliza, sauti kavu isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke ililisoma.

Tatizo lilikuwa kuwaka. Umeme ulikatika ovyo, na kila baada ya saa mbili mzee alipaswa kugeuzwa asipate vidonda, waya ukachomolewa na kuchomekwa tena. Kila mara mashine ilianza upya, sekunde tisini na tano. Mzee alikaa anaitazama skrini nyeusi huku amevimba kwa hasira, na ilipowaka, uji uliomwagika ulikuwa umeshapanguswa na mwenye kosa yuko jikoni. Neno lake la kwanza katika mashine ile lilikuwa: "Mashine nusu."

Mwingine angeitupa ukutani. Nusu alisema, "Nitaiharakisha, baba."

Kuwaka kwa kompyuta ya namna ile ni kupokezana kijiti. Chipu yenyewe ina programu ndogo mno iliyochomwa ndani yake kiwandani, na inajua jambo moja tu: kwenda kwenye kadi ya kumbukumbu kumwamsha wa pili. Wa pili anaiandaa kumbukumbu ya mashine, anamwamsha wa tatu. Huyo wa tatu ndiye mwenye mbwembwe. Anaweka menyu, anasubiri mtu abonyeze kibodi, hapana mtu wala kibodi. Anatafuta diski ya nje, anatafuta mtandao, hakuna. Akichoka ndipo anakiita kiini cha mfumo, nacho kiini kinaanza kwa kuita kijimfumo cha muda kikisaidie kuitafuta kadi, kadi ile ile kilikotoka. Baadaye huja mfumo mzima na ukoo wake: wa printa, wa spika, wa kuulizia matoleo mapya. Programu ya herufi ilikuja mkiani, watu wote wakiwa wameshasalimiana.

Mlolongo ule uliwekwa kwa ajili ya watu wasiojua bodi yao itakutana na nini duniani. Nusu alijua. Bodi yake ingekutana na kitufe, skrini na kidole gumba. Kwa wiki tatu, akirudi kazini, alikaa sebuleni karibu na mlango wa chumba cha mzee, waya mmoja kutoka kwenye bodi hadi kwenye kompyuta yake, akasoma kila hatua inavyojitangaza, akakata. Alimfundisha wa pili kukiita kiini moja kwa moja, wa tatu akamfuta kabisa. Kiini akakijengea ndani yake uwezo wa kuisoma kadi. Ukoo wa printa akaufukuza. Programu ya herufi akaitanguliza mbele ya kila kitu. Mara nyingi bodi ilikufa mikononi mwake, skrini nyeusi, haina hata dalili, akachomoa kadi na kuanza upya huku mzee anamtazama kupitia mlangoni. Sekunde sitini. Thelathini na moja. Kumi na mbili. Jioni moja ikawa nne, akaruka na kumkumbatia mama yake aliyeshika sufuria.

"Tazama, baba." Akachomoa waya, akachomeka. "Moja, mbili, tatu, nne."

Herufi hizo hapo. Mzee alizitazama, akamtazama binti yake. Kidole kikaanza kazi. Nusu alisimama ameshika ukingo wa kitanda, kama mtoto anayengoja matokeo.

"Chai baridi," ilisema mashine.

Basi hapo ndipo walipojua walichokifanya. Zamani hasira ya mzee ilikuwa inapoa njiani. Sasa haikuwa na njia ya kupoa. Mkewe akigusa shuka, mashine inasema. Akikosea kijiko, inasema. Na mashine, mwanafunzi mzuri, ilijifunza. Wiki ya pili ukibonyeza M tu orodha ilileta mjinga, mvivu, mchafu. Ukibonyeza N ilileta nusu. Mzee aliyekuwa bahili wa herufi akawa tajiri. Mama wa watu ameinama anamfuta mumewe haja, pumzi ameibana, na juu ya kichwa chake sauti kavu inasema, "Mchafu."

"Leo amesemaje?" Nusu aliuliza jioni moja.

"Kaandika mchana kutwa," alisema mama yake akikunja taulo. "Kasema nilikuwa mbaya tangu usichana wangu, ila yeye alinionea huruma."

"Mama, pole."

"Usiseme pole. Kaandika vizuri. Hakukosea hata herufi."

Nusu alijipa moyo. Alijiambia mzee anatoa sumu ya mwaka mzima wa ububu, itakwisha, na chini yake kuna jingine. Watu wa namna hii hawapungui duniani, wanaochimba kisima pakavu kwa sababu wameshachimba sana.

Jumapili akaja kaka mkubwa, wakala wa bima, kikapu cha matunda mkononi na manukato yaliyotangulia kuingia. Alikuwa hajaonekana miezi mitatu. Aliikodolea macho mashine, akapiga nayo picha.

"Lo! Mambo ya kisasa haya! Baba, unatupita sisi sote!"

Kidole gumba kikaanza, neno la kwanza herufi kwa herufi, kisha la pili. M. Orodha ikaleta mjinga, mvivu, mchafu, mzee akaikataa. W. Ikaleta mwizi, mwongo. Akaikataa tena. Akaenda herufi moja moja, jasho linamtoka kwenye paji, na hakuna aliyewahi kumwona mvumilivu vile. Dakika sita zilipita.

"Asante mwanangu kwa mashine."

Kaka alimtazama dada yake, akaitazama zawadi aliyopewa, akaona aichukue. "Aa, baba," alisema, "si wajibu wetu?"

Nusu alisogea kitandani. "Baba, ni mimi niliyeitengeneza. Umeniona. Wiki tatu nilikuwa pale mlangoni."

Mzee alimgeuzia macho. Alikuwa amemwona, tusidanganyane. Alimwona kila jioni na waya wake. N, na orodha ikamletea nusu bila jasho. Halafu akaandika neno moja zaidi.

"Nusu hawezi."

Kaka alicheka. "Baba na utani wake!" Akala chungwa, akaaga.

Jikoni mama alikuwa anaosha vikombe vilivyokuwa safi. Nusu aliegemea friji.

"Wewe ndiye uliyeipa haraka," mama alisema bila kugeuka.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Unaweza kuinyima?"

"Kuinyima vipi?"

"Ichelewe."

"Kiasi gani?"

Mama alikisuuza kikombe, akafikiri kama mtu anayekadiria unga. "Mpaka nimalize shughuli zangu. Kumgeuza, kumsafisha, kumlisha. Saa moja itatosha."

"Mama! Na akitaka msaada?"

"Nitakuwa pembeni yake. Miaka arobaini na mbili niko pembeni yake." Akakipindua kikombe kwenye sinia. "Nikwambie kitu? Ule mwaka alipokuwa kimya, nilianza kumpenda."

Nusu angeweza kukataa. Angeweza kumwita kaka yake wakae kikao, au kuifuta orodha ya matusi aone kama mzee ataanza na mapya. Alikwenda sebuleni. Wiki tatu za kukata na kupunguza, na kuongeza kukachukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji: mstari mmoja kati ya programu ya pili na kiini cha mfumo, unaosema subiri sekunde elfu tatu na mia sita. Skrini haingeonyesha kitu. Kwa mzee ingekuwa umeme tu, au ubovu, au Nusu na kazi zake.

Asubuhi mama alimgeuza, akachomoa waya, akachomeka. Giza. Mzee akabonyeza. Kitufe kile cha geti kina mlio, tak, na kilisikika hadi sebuleni. Tak, tak, tak.

"Inawaka, baba," alisema Nusu kutoka mlangoni, na akashangaa sauti yake ilivyotulia.

Na mama akaanza kuongea. Mwanamke ambaye nyumba nzima ilimjua kwa "ndiyo" na "haya" alishika kijiko cha uji, akamfunga mumewe kitambaa kidevuni, akasema, "Sasa nisikilize wewe. Chumvi haikuzidi. Siku ile mbele ya wakubwa wako haikuzidi, na ulijua. Fungua mdomo." Alimlisha na kumhesabia, mwaka kwa mwaka, polepole, kwa upole wa kutisha, na kila alipokunja uso alimpangusa. Hakumnyima hata kijiko kimoja. Tak, tak, tak, kilisema kitufe. Skrini ilipowaka mama alikuwa ameshafika sokoni.

Siku ya kwanza mzee aliitukana skrini ilipowaka. Siku ya tatu aliandika "tengeneza". Siku ya tano hakuandika kitu, alitazama dari. Mama alianza kuimba akifua.

Siku ya tisa Nusu alikuwa nyumbani saa ilipotimia. Herufi zikawaka. Mzee hakukurupuka. Alimtafuta binti yake kwa macho mpaka akampata, ndipo akabonyeza. M. W. Orodha ikaleta neno juu kabisa, neno la Jumapili ile, na akalichukua kwa mbonyezo mmoja. Lililofuata mashine haikulijua, haikuwa imewahi kuliona. Akalitafuta herufi kwa herufi, tisa zote.

"Mwanangu tafadhali."

Nusu alijua neno lile la kwanza lilitoka wapi na limemgharimu baba yake herufi mbili, mabaki ya kaka yake. Hata hivyo lilikuwa lake, lilisemwa akitazamwa yeye, na maisha yake yote alikuwa amelisubiri. Chozi lilimtoka mzee kwenye jicho la kushoto likateremkia sikioni, naye hana mkono wa kulifuta. Nusu akapeleka mkono wake.

Mama aliingia na bakuli. Alisimama, akasoma skrini, midomo ikicheza kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Akaifuta ncha ya kijiko kwa pindo la kanga.

"Anajifunza," alisema. "Ongeza."

Mkono wa Nusu ulikuwa umebakiza inchi moja kuligusa lile chozi. Aliutazama mkono huo, akamtazama mama yake, uso uliopata nyama kidogo kwa siku tisa tu. Akaurudisha.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni."

Alivuta kiti, akafungua kompyuta yake magotini, akaandika tarakimu mpya. Kitandani kidole gumba kilianza kubonyeza mbio mbio, hakikungoja orodha, herufi zikapanda kwenye skrini. Baba alikuwa amefika herufi ya tatu Nusu alipochomoa waya.