Majibu ya Baba Polycarp

Severa alikatiza shule darasa la nne, huko Marangu, ili alee wadogo zake. Akiwa mtu mzima, mke wa mwenye duka Mtaa wa Msimbazi, alisikia kwamba shule ya msingi ya jirani imefungua darasa la jioni kwa watu wazima. Akajiandikisha siku ileile. Mumewe, Onesphory, alipekua sanduku la mtoto wao Polycarp, aliyekuwa bweni Moshi, akampatia mkebe wake wa hesabu: bikari yenye kutu na kipimapembe kilichokwanguka, ila namba zinasomeka.

Jumapili moja walipotoka kanisani, Severa alitandaza kazi yake juu ya kaunta. Pembe tano za kupima. Onesphory akavuta kiti.

"Hizi tulizisoma sisi, Mama Polycarp. Lete nikuonyeshe."

Akaweka kipimapembe juu ya pembe ya kwanza, akainama. "Mia na thelathini."

Severa aliitazama. Ilikuwa nyembamba, imefunguka kidogo tu. "Mwalimu alisema ikizidi nyuzi tisini inaitwa butu. Hii mbona kali?"

"Kwani hapa pameandikwa nini?"

Kweli ilikuwapo mia na thelathini, na chini yake hamsini. Kipimapembe kina safu mbili za namba, moja inaanzia kulia, nyingine kushoto, na Severa alikuwa ameelezwa hivyo darasani. Lakini mumewe alikuwa amechangamka. Siku nyingi hawakuwa wamekaa pamoja kwa jambo lisilohusu sukari na mafuta ya taa. Akaandika mia na thelathini, na zile nyingine akaandika alivyoambiwa.

Kesho yake jioni aliporudi, Onesphory alimuuliza kabla hajavua viatu. "Tumepata ngapi?"

"Hatukupata."

"Hata moja?"

"Hata moja. Si kitu, Baba Polycarp."

Onesphory aliufuta mzani uliokwisha kuwa safi. "Wewe ulijua?"

"Nilihisi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umekaa vizuri," Severa alisema.

Siku ya darasa iliyofuata, Onesphory alifunga duka mapema, akamfuata mkewe hadi mlangoni. Mwalimu Zamzam, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, yale majibu yalikuwa yangu. Huyu mama usimhesabie."

Wanafunzi wakacheka, wauza samaki na makuli wa sokoni, na Severa akajifunika uso kwa kanga. Mwalimu hakucheka. "Basi karibu, mzee, tuyasahihishe."

Dawati lilikuwa la watoto. Magoti ya Onesphory yalikwama, ikabidi akae upande. Severa aliichora upya ile pembe ya kwanza, akamshika mkono, akakisogeza kipimapembe mpaka kitovu chake kikakaa kwenye ncha ya pembe.

"Tafuta sifuri iliyolala juu ya mstari," alimwambia taratibu. "Umeiona? Sasa fuata safu hiyohiyo, usiruke."

Onesphory alifuata kwa kidole, midomo ikicheza. "Hamsini."

"Hamsini."

Akaomba nyingine. Walipotoka, Msimbazi ilikuwa bado na watu. Severa alitaka kupitia duka kuchukua mchele, lakini mumewe alikuwa ameshika mkebe kwapani, anamuuliza pembe butu inachorwaje. Wakasimama palepale kando ya barabara, Severa akiikunja na kuikunjua mikono yake kumwonyesha.

Mtihani wa mwisho wa mwaka waliufanya wote wawili. Severa alimshinda, na Onesphory akawatangazia wateja wiki nzima.