Jina Lililopita Sokoni

Nilikuwa nimemshika mkono mjukuu wangu Ruth. Nikainama kufunga kamba ya kiatu changu. Nilipoinuka, hakuwapo.

Soko la Seomun siku ya Jumamosi ni watu juu ya watu. Mtoto ana miaka minne, ndiyo kwanza amefika Daegu kutoka Kanada, na Kikorea chake ni kile nilichomfundisha kwa simu.

“Ruth!” niliita.

Niliita kwa Kiingereza safi, ncha ya ulimi kati ya meno, kama nilivyojifunza shule ya usiku baada ya zamu za kiwandani. Sisi Wakorea, neno la Kiingereza likiishia konsonanti, tunalibandikia irabu mwishoni, na “th” kwetu hugeuka “s”. Asubuhi ile binti yangu Yeonju alikuwa amenionya: “Baba, mbele ya mume wangu usimwite Rusu. Utanitia aibu.” Nikaapa kumwonyesha kwamba baba yake si mshamba.

“Ruth! Ruth!”

Jina liliishia midomoni kama pumzi. Hata mama muuza blanketi, aliyesimama karibu yangu, hakulishika.

“Nani, mzee? Unaita mtu au unapuliza supu?”

Langoni lori la mizigo lilikuwa linarudi nyuma, likipiga honi. Nikasahau shule, nikasahau na mkwe wangu wa Kanada.

“Rusuuu! Rusu-yaaa!” Nilivuta na ile “ya” tunayoitia watoto.

“Haa, Rusu! Wa kike?”

“Wa kike! Koti jekundu!”

“Rusu-yaaa! Koti jekundu!” Mama akampokeza muuza soksi, muuza soksi akampokeza muuza maandazi, safu nzima ikaita kuelekea langoni. Kisha upande ule ukanyamaza. Honi nayo ikanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote.

Nilikimbia nikipiga watu vikumbo. Lori lilikuwa limesimama. Ruth alikuwa anatoka chini ya meza ya vitambaa, hatua chache tu nyuma ya magurudumu.

“Babu,” alisema, “mbona watu wote wananiita kama wewe?”

Nilimvuta mbali na lori, nikamshika kwa mikono yote miwili.

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ilikuwa inakuja, imekauka kwa kulia: “Rusu-ya! Rusu-ya!” Alikuwa Yeonju, tuliyemwacha na mumewe safu ya nyuma. Alimkumbatia mtoto, akaendelea kuliita jina hilohilo ndani ya nywele zake. Mumewe alifika anahema, akasimama kando yetu. Hakuna aliyemsahihisha Yeonju.