Kesho Nakuja Kuchukua Nyanya

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia simu kwa shavu la kulia, niliota nyanya za nyuma ya nyumba yetu zimeitisha kikao na mimi sikualikwa. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Mtaani kwetu hakufanyiki kikao bila mimi. Hata mtu na mkewe wakigombana huja kugombania kwangu, kwa sababu kuna viti na chai.

Lakini kabla sijaingia kikaoni, nieleze habari ya simu.

Tunakaa Voi, mimi Malemba na nyanya yangu Mkamburi, mama mzaa baba, pamoja na yeyote aliyepita akasikia harufu ya chakula. Mkamburi nitamwandika kwa herufi kubwa, Nyanya, msije mkamkaanga. Januari hii jua limewaka mpaka mabati yanalia mchana kutwa. Nyanya nilizopanda kwenye ndoo zilizotoboka na sufuria zisizo na masikio zimeiva zote siku moja, kana kwamba zilipigiwa kengele. Tumezila na chumvi, tumezila na pilipili na kitunguu, tumegawa mpaka majirani wanajificha wakiniona na beseni. Zilizobaki tunazipika na kuzitia kwenye chupa. Nyanya anakaa kwenye kigoda na kisu chake, mimi nakoroga sufuria, na Mama Kalunde wa mlango wa pili anakaza vifuniko huku akitupa habari za watu.

Jana jioni ukaingia ujumbe wa baba mdogo Mwashigadi, mdogo wa marehemu baba, anayekaa Nairobi. Ulisema hivi: "Kesho nakuja kuchukua nyanya. Weka tayari."

Angeandika "kumchukua", ningejua anamtaka mama yake. Angeandika "kuzichukua", ningejua anataka za kwenye ndoo. Kaandika "kuchukua" tu, na ile silabi iliyokosekana ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Maana tangu Nyanya ateleze uani mwezi wa kumi na moja, baba mdogo amekuwa akisema mzee anahitaji mahali pa kuhifadhiwa, penye utulivu. Anakaa ghorofa ya sita. Niliwahi kulala huko siku mbili, na siku ya pili nilikuwa naongea na friji.

Ningempigia nimuulize, lakini ukiuliza unajibiwa. Nikalalia simu.

Basi, niko uani na ni mchana. Nyanya za kwenye ndoo zimekaa kwenye viti vyangu vya plastiki, vile vya wageni. Mwenyekiti ni ile kubwa iliyopasuka ubavu, niliyokuwa nimeiacha kwa ajili ya mbegu.

"Umechelewa," inaniambia. "Tumeshawasema watu wote wa mtaa huu. Umebaki wewe."

"Mmenisema nini?"

"Kwamba unajua kila nyumba inapika nini, lakini kwako hujui kinachoungua."

Nikaomba kiti. Nikaambiwa vimejaa.

Hapo anaingia afisa. Ni mwiko wetu wa ugali, ule ulioungua upande mmoja, amevaa kofia na viatu vyeusi. Nikampa shikamoo, maana ni mkubwa kwangu. Nyanya alikuja naye kutoka kwao siku alipoolewa.

"Marahaba," anasema. "Mimi ni Mwiko. Nimekuja kuwasomea miiko."

Akasoma. Wa kwanza, nyanya ihifadhiwe kabla haijalegea. Wa pili, nyanya iliyoanguka isichanganywe na wenzake. Wa tatu, ichovywe kwenye maji moto mpaka ngozi ijikunje. Wa nne, itiwe kwenye chupa, ifunikwe, iwekwe mahali pakavu, penye giza, pasipo na watu.

"Hayo tunayajua," namwambia. "Tumeshajaza chupa sita."

"Imebaki ya saba," anasema Mwiko. "Ile iliyoanguka mwezi wa kumi na moja."

Nikageuka. Nyanya amekaa wima ndani ya beseni la kufulia, leso kaifunga kifuani, maji yanafuka moshi. Ngozi yake imejikunja. Lakini ngozi yake imejikunja tangu nizaliwe, kwa hiyo sikuona kwamba huo ni ushahidi.

"Nyanya, toka humo."

"Maji mazuri haya," anasema. "Magoti yangu yamenyamaza. Waambie waongeze."

Mwiko ananiletea karatasi. "Jaza hapa. Nyanya yupo, au nyanya ipo?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kama yupo, ni abiria, na abiria huulizwa anakwenda wapi. Kama ipo, ni mzigo. Mzigo hauulizwi."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane, na siku ile mwalimu alipofundisha ngeli nilikuwa nimesimamishwa nje kwa kosa la kuongea. Nikaishika kalamu nikaitazama. Na kwa vile nilichelewa kujibu, ua wetu ukageuka stesheni.

Treni ni ya chupa. Kila behewa ni chupa moja, sita zimejaa nyanya zilizomenywa, zinatazama nje bila neno, kama watu waliotoka kuzika. Ya saba iko tupu. Mama Kalunde anatembea juu ya mabehewa na kanga yake mpya, anakaza vifuniko.

"Mama Kalunde, na wewe umo?"

"Nimeitwa kukaza tu, mwenzangu. Lakini unamwona yule wa chupa ya nne, wa dirishani? Kamwacha mumewe kwenye sufuria."

"Acha."

"Nakwambia. Na bado alikuwa anachemka."

Nilitaka kusikia mwisho wake, Mungu anisamehe. Nilipogeuka, Nyanya alikuwa ameshapandishwa chupa ya saba na kufunikwa.

Amekaa humo vizuri. Hakuna jua, hakuna upepo, hakuna pa kuteleza. Naona mdomo wake unacheza. Anasimulia kitu, na kwa jinsi anavyoinua nyusi najua ni kile kisa cha jirani aliyemficha mbuzi chini ya kitanda. Anafika pale pa kuchekesha, anacheka, ananyoosha mkono ampige mtu paja kama kawaida yake. Mkono unagonga kioo.

Sauti haitoki. Miaka yangu thelathini na minne, ni mara ya kwanza kumwona Nyanya anaongea nami simsikii.

Anakuja baba mdogo Mwashigadi, anatembea juu ya reli na suti yake, kofia yake ni kifuniko cha chupa. Mkono mmoja ana sahani tupu. Mkono wa pili ana nyanya moja ya dukani, nyekundu, duara kabisa, inang'aa kama taa ya gari.

Nikainusa. Haina harufu.

"Unatoka wapi, mwenzangu?" nikaiuliza, kwa sababu mgeni hukaribishwa.

"Sikumbuki," ikasema. "Nimeishi kwenye baridi. Samahani."

Nikamgeukia mwenyewe. "Baba mdogo, shikamoo. Ulimaanisha nyanya ipi?"

"Sijui, Malemba."

"Si wewe uliyeandika?"

"Niliandika mama," anasema. "Kesho nakuja kumchukua mama. Kidole kikaogopa, kikafuta. Nikaandika nyanya, nikasema Malemba atachagua yeye. Wewe si unajua kila kitu."

"Na mimi nikalala nikisema utachagua wewe."

Tukatazamana. Watu wazima wawili, mmoja na sahani, mmoja na kalamu. Machozi yanamtoka, na yananuka siki.

"Alianguka, Malemba," anasema. "Nikiwa mbali. Kila simu ikilia naogopa kuipokea. Nikasema bora awe mahali ninapomwona."

Hilo sikulicheka, hata ndotoni.

Mwiko akapiga filimbi. "Nisaidieni, jamani. Treni inapoa."

Ile nyanya kubwa iliyopasuka ikasafisha koo. Nilikuwa nimesahau kwamba nimeibeba kwapani. "Mmemwuliza mwenyewe?"

Baba mdogo akanitazama. Mimi nikatazama viatu vya Mwiko. Tangu mwezi wa kumi na moja nimezungumza habari hii na Mama Kalunde, na muuza mkaa, na fundi wa viatu, na mke wa fundi wa viatu. Pale kwenye kigoda sijafika.

Nikaushika mfuniko wa chupa ya saba.

"Ni mwiko kufungua kabla ya miezi mitatu," anasema Mwiko.

"Mama Kalunde," naita, "umekaza kiasi gani hapa?"

"Kidogo tu," anajibu kutoka juu. "Nani anafunga kifuniko kabisa na mtu bado anaongea?"

Mfuniko ukafunguka kwa vidole viwili. Sauti ya Nyanya ikatoka yote kwa mpigo, na kicheko na mbuzi wa watu chini ya kitanda.

"Nyanya," nasema, "unataka kuhifadhiwa?"

Akafikiri. Akachungulia huku na huku ndani ya chupa.

"Humu hakuna umbea," anasema. "Nimesimulia kisa kizima, hakuna aliyeniuliza ikawaje. Halafu niwaulize na mimi. Nyanya huhifadhiwa lini?"

"Msimu ukiisha," nasema.

"Nani kawaambia wangu umeisha?"

 Nyanya za chupa ya nne zikatazama chini.

"Na huyu mwanangu ana njaa," anaendelea. "Kaja na sahani tupu toka Nairobi mnamsomea miiko. Mkatieni moja, mtie chumvi. Si hiyo ya pakiti. Ile ya mawe, iko kwenye kifuu, nyuma ya jiwe la kusagia. Alikuwa akiiba utotoni, anadhani sioni."

"Ulikuwa unaona?" anauliza baba mdogo.

"Ulikuwa na chumvi mpaka masikioni."

Nikamrudishia Mwiko karatasi yake na kalamu. "Andika yupo," nikamwambia. "Y-u-p-o. Yupo, na yuko hapa."

Mwiko akasoma mara mbili. Akavua kofia. "Basi ni abiria," anasema. "Mama, unakwenda wapi?"

"Jikoni," anasema Nyanya.

Akashushwa kwa heshima zote. Treni ikaondoka na chupa sita, nyanya zikitupungia, na yule wa dirishani akimtafuta mumewe kwa macho. Ile kubwa ikaniambia sikioni, "Na hii tabia yenu ya kuandikiana nusunusu muiache," kisha ikapasuka upande wa pili, mbegu zikanirukia usoni.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na simu imeniachia mstari shavuni. Nikatoka uani. Nyanya alikuwa kwenye kigoda chake, anakata za chupa ya saba, miguu ameitanua, beseni katikati.

"Shikamoo Nyanya."

"Marahaba. Umelala kama mtu aliyesafiri."

Nikachuchumaa karibu naye. "Nyanya, unataka kwenda kukaa Nairobi?"

Kisu hakikusimama. "Nairobi kuna nini?"

"Kuna baba mdogo."

"Yeye ana gari. Mimi nina nyanya za kumenya." Akatupa moja kwenye beseni, akachukua nyingine. "Lakini aje. Nimemkumbuka." Kisha akainua macho. "Hebu niambie, yule mwanamke wa nyumba ya kijani, Mama Kalunde kasema alirudi au hakurudi?"

Nikamweleza kwanza, kwa sababu mambo yana utaratibu. Alirudi, lakini kwa mlango wa nyuma. Halafu nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikaandika, neno zima kwa neno zima:

"Baba mdogo, shikamoo. Nyanya zipo, njoo uzichukue, utajaza buti la gari. Mama yako yupo, haondoki, ila amekukumbuka, njoo umwone. Pale alipoteleza leo tunamwaga kokoto. Na akiteleza tena, uani kwetu hapakosi watu wa kumwinua, unapajua."

Nikabonyeza kabla kidole hakijaogopa.

Jibu halikuja. Nyanya akamaliza beseni la kwanza. Mama Kalunde akafika, akapewa kiti, akapewa chai, akaanza. Nilisikia nusu tu ya alichosema, na mimi si mtu wa kusikia nusu.

Simu ikalia.

"Nimeshatoka alfajiri, niko Mtito Andei. Nilikuwa nimesimamisha gari kando, sijui niendelee au nirudi. Nakuja. Nitaleta mkate. Ile chumvi ya mawe bado iko kwenye kifuu?"

Nikausoma mara tatu. Nimezaliwa katika nyumba hii, na nimepika katika jiko hili tangu nina miaka kumi na miwili. Chumvi yetu ni ya pakiti. Habari ya kifuu sijawahi kuisikia kwa mtu yeyote, na mimi habari husikia.

Nikaingia jikoni peke yangu. Jiwe la kusagia liko kwenye kona na halijasogezwa toka babu yuko hai. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono nyuma yake, kwenye vumbi na baridi, mpaka vidole vikagusa kitu cha duara chenye manyoya ya nazi.

Nilikivuta polepole, bila kelele. Kutoka huko nje, mahali ambapo hakuwa akiniona, nikamsikia Nyanya.

"Usiimalize, Malemba. Mwachie mwenyewe."